Mwongozo kamili: Kufundisha darasa la kompyuta kwa Veyon, kuanzia kebo hadi kipindi cha kwanza

Walimu wengi wanaojaribu kusimamia chumba cha kompyuta kwa Veyon, programu inayomwezesha mwalimu kutazama na kuongoza kompyuta za wanafunzi kutoka mezani kwake, hukwama mahali palepale. Programu imesakinishwa kila mahali, mwalimu anafungua Veyon Master akitarajia kuona skrini za wanafunzi wake, na anachokiona ni visanduku vitupu vya kijivu. Programu inalaumiwa, inafutwa, na mwalimu anarudi kuzunguka kati ya meza akipaza sauti.

Mara nyingi kosa haliko ndani ya programu yenyewe. Liko katika mambo matatu yanayoitangulia: anwani za kompyuta, funguo za utambulisho, na ulinzi wa mtandao wa Windows (faiawoli). Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na kebo, na unakutaka usisakinishe programu kwenye kompyuta ya tatu kabla mbili za kwanza hazijaonana.

Mfano tutakaoufuata ni chumba cha shule ya sekondari chenye kompyuta 20 za wanafunzi na moja ya mwalimu, zote zikitumia Windows 10 au Windows 11.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta ya mwalimu, na nenosiri la akaunti ya msimamizi kwa kila kompyuta iliyomo chumbani. Bila akaunti hiyo hutaweza kusakinisha wala kubadilisha mipangilio.
- Swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta kwa kebo) yenye matundu 24, ambayo inatosha kompyuta 21 na ruta moja, pamoja na kebo za mtandao zilizopimwa.
- Ruta ya kugawa anwani. Bando la intaneti halihitajiki wakati wa kufundisha, kwa kuwa Veyon hufanya kazi ndani ya mtandao wa chumba peke yake.
- Faili la kusakinishia Veyon la biti 64, lililopakuliwa kutoka tovuti rasmi ya veyon.io na kuwekwa kwenye flashi. Programu ni ya bure chini ya leseni huria ya GPL, wala hakuna ada kwa idadi ya kompyuta.
- UPS (betri ya akiba ya umeme) kwa ajili ya swichi na kompyuta ya mwalimu. Umeme ukikatika, swichi ikizimika, kompyuta zote hupotea machoni pa mwalimu hata kama ni laptopu zinazoendelea kuwaka.
- Daftari, au jedwali lililochapishwa, lenye safu nne: namba ya kiti, jina la kompyuta, anwani ya IP (namba ya kompyuta kwenye mtandao) na anwani ya MAC (namba ya kadi yake ya mtandao).

Mtu atauliza kama Wi-Fi haitoshi. Inaweza kutosha kutazama skrini za wanafunzi wachache, lakini mwalimu anaporusha skrini yake kwa kompyuta 20 kwa wakati mmoja, picha huchelewa na kukatikakatika. Isitoshe, vifaa vingi vya Wi-Fi vina mpangilio unaozuia kompyuta moja isiwasiliane na nyingine, na ukiwashwa, Veyon haitaona kitu. Kama huna budi kutumia Wi-Fi, uzime mpangilio huo kwanza, na kompyuta ya mwalimu uiunganishe kwa kebo.

## Hatua ya 1: Pangia kila kompyuta jina na anwani isiyobadilika

Anza na majina. Ipe kila kompyuta jina fupi linalofuata mpangilio wa viti, kama K01 hadi K20, kisha ubandike jina hilohilo kwenye kasha lake. Kompyuta zilizonakiliwa kutoka diski moja mara nyingi huwa na jina moja zote, na hali hiyo itakuchanganya baadaye bila kukuonyesha chanzo chake.

Sasa anwani. Ruta hugawa anwani za IP kwa muda, hivyo kompyuta iliyokuwa 192.168.1.105 Jumatatu inaweza kuamka 192.168.1.112 Alhamisi. Veyon itaendelea kuitafuta kwenye anwani ya zamani, na kwako itaonekana kana kwamba imezimwa. Hii ndiyo sababu kubwa ya malalamiko ya kwamba jana ilifanya kazi na leo imegoma.

Kuna njia mbili za kulizuia hilo. Ya kwanza ni kuingia kwenye ruta na kuifungia kila anwani ya MAC anwani yake ya IP. Ya pili ni kuandika anwani ndani ya kila kompyuta kwa mkono. Mimi napendelea ya kwanza, kwa sababu mipangilio yote inakaa mahali pamoja na kompyuta ikiwekewa Windows upya bado itapata anwani yake. Lakini ruta ikibadilishwa, kazi hiyo lazima irudiwe.

Ukichagua njia ya pili, tumia anwani zilizo nje ya zile ambazo ruta inazigawa. Kama ruta inagawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 199, mpe mwalimu 192.168.1.10 na wanafunzi kuanzia 192.168.1.21 hadi 40, ili K01 iwe 21, K02 iwe 22, na kuendelea.

Ili kujua anwani ya MAC, fungua Command Prompt na uandike `ipconfig /all`. Utaiona kwenye mstari wa "Physical Address" wa kadi ya kebo. Angalia usichukue ya kadi ya Wi-Fi kwa bahati mbaya. Ukiwa bado kwenye kompyuta hiyo, nenda kwenye mipangilio ya mtandao wa Windows uhakikishe kwamba mtandao umetambuliwa kuwa "Private" na si "Public", kwani katika hali ya "Public" Windows hujifungia zaidi.

Dalili ya mafanikio: jedwali lako limejaa, na baada ya kuzima na kuwasha kompyuta zote, kila moja imerudi na anwani ileile.

## Hatua ya 2: Sakinisha kwenye kompyuta ya mwalimu

Fungua faili la kusakinishia na uache sehemu zote zikiwa zimechaguliwa. Veyon Master ndiyo dirisha la kufundishia, Veyon Configurator ni ya mipangilio, na Veyon Service ni huduma inayokaa kimya nyuma ya pazia na kuruhusu skrini ionekane kutoka kompyuta nyingine.

Baadhi ya walimu huiondoa Veyon Service kwenye kompyuta yao kwa kudhani kwamba ni ya wanafunzi tu. Usifanye hivyo. Unaporusha skrini yako kwa darasa, kompyuta yako ndiyo inayotazamwa, kwa hiyo nayo inahitaji huduma hiyo.

Dalili ya mafanikio: ukifungua Veyon Configurator na kwenda ukurasa wa "Service", unaona kwamba huduma inafanya kazi.

## Hatua ya 3: Tengeneza jozi ya funguo

Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo soma hatua nzima kabla ya kubonyeza chochote.

Veyon haimruhusu mtu yeyote tu kutazama kompyuta ya mwingine. Inahitaji uthibitisho, na njia inayofaa chumba cha shule ni ile ya funguo mbili zinazoendana. Ufunguo wa siri hukaa kwa mwalimu peke yake. Ufunguo wa wazi husambazwa kwa wanafunzi. Kompyuta ya mwanafunzi huutumia ule wa wazi kuhakikisha kwamba anayebisha hodi ndiye mwenye ule wa siri. Ipo njia nyingine inayotumia jina na nenosiri la Windows, lakini katika chumba ambacho akaunti moja hutumiwa na wote, njia hiyo haimtofautishi mwalimu na mwanafunzi.

Katika Veyon Configurator, chagua "Key file authentication" kwenye mipangilio ya uthibitisho. Kisha nenda sehemu ya "Authentication keys", bonyeza "Create key pair" na uupe ufunguo jina, tuseme *mwalimu*. Utaona mistari miwili, mmoja ukiishia na "private" na mwingine na "public".

Chagua ule wa "private" na ubonyeze "Set access group", kisha ulichague kundi la watumiaji wa Windows ambalo walimu wamo. Hatua hii husahauliwa mno. Ikirukwa, Veyon Master inaweza kukataa kufunguka kwenye akaunti ya kawaida ya mwalimu ikidai haikupata funguo, ilhali kwa msimamizi inafunguka bila tatizo.

Mwisho, chagua ule wa "public", bonyeza "Export key", na uuhifadhi kwenye flashi. Faili litaitwa `mwalimu_public_key.pem`.

Onyo: ufunguo wa siri usiingie kwenye flashi inayozunguka chumbani. Mwenye ufunguo huo anaweza kutazama, kufunga na kuendesha kila kompyuta ya chumba. Ukivuja, futa jozi nzima, tengeneza nyingine, na usambaze upya ule wa wazi.

## Hatua ya 4: Andaa kompyuta moja ya mwanafunzi

Chukua K01 peke yake. Sakinisha Veyon, na safari hii ondoa alama kwenye Veyon Master, kwa kuwa mwanafunzi haihitaji. Fungua Veyon Configurator, chagua njia ileile ya uthibitisho, nenda kwenye funguo, bonyeza "Import key" na uchague faili lililo kwenye flashi.

Programu itakuuliza jina la ufunguo. Andika *mwalimu*, herufi kwa herufi kama ulivyoandika kwenye kompyuta yako. Ukiandika *Mwalimu* au *walimu*, programu haitakulaumu, lakini funguo hazitaoana na utapoteza alasiri nzima ukichunguza kebo zisizo na kosa.

Kwenye ukurasa wa "Service", hakikisha kisanduku kinachoruhusu Veyon kupita kwenye faiawoli ya Windows kimewekewa alama. Kama kuna programu ya kuzuia virusi yenye faiawoli yake, iruhusu Veyon humo pia, kwa sababu alama uliyoweka inahusu faiawoli ya Windows tu. Hifadhi kwa "Apply" na ukubali huduma ianzishwe upya.

## Hatua ya 5: Zikutanishe hizo mbili

Rudi kwenye kompyuta ya mwalimu. Katika Veyon Configurator fungua "Locations & computers". Upande wa kushoto ongeza chumba, kwa mfano *Chumba cha Kompyuta*. Upande wa kulia ongeza K01, anwani yake ya IP na anwani yake ya MAC. Hifadhi, kisha fungua Veyon Master.

Usishtuke ukiona dirisha tupu. Chini upande wa kushoto kuna kitufe cha "Locations & computers"; kibonyeze na uweke alama kwenye chumba chako. Kompyuta zisizowekewa alama hazionyeshwi hata kama kila kitu kiko sawa.

Dalili ya mafanikio: skrini ya K01 inaonekana ikiwa ndogo, na ukisogeza kipanya cha K01 unakiona kikisogea kwako.

Kama huioni, usianze kubahatisha. Fungua PowerShell (dirisha la amri la Windows) kwenye kompyuta ya mwalimu na uandike amri hii, ukiweka anwani ya K01 yako:

`Test-NetConnection 192.168.1.21 -Port 11100`

Lango (port) 11100 ndilo ambalo Veyon husikilizia. Mstari wa mwisho ukisema "TcpTestSucceeded : True", njia ya mtandao ni wazi na huenda tatizo liko kwenye funguo: rudi Hatua ya 3 na ya 4. Ukisema "False", funguo si za kuchunguza kwa sasa. Chunguza anwani, kebo, faiawoli, na kama huduma inafanya kazi. Amri hii moja inagawa tatizo katikati, nayo ni bora kuliko `ping`, ambayo Windows inaweza kukataa kuijibu hata mtandao ukiwa mzima.

Kabla ya kuendelea, jaribu pia kurusha skrini yako kwa K01. Walimu wengine huona skrini za wanafunzi vizuri, lakini wakirusha ya kwao, mwanafunzi anabaki kusubiri. Maelezo yake ni kwamba katika kurusha skrini mwelekeo hugeuka: kompyuta ya mwanafunzi ndiyo inayokuja kwa mwalimu, kupitia lango 11400, na faiawoli ya mwalimu ndiyo inayoizuia.

## Hatua ya 6: Sambaza kwa kompyuta zilizobaki

Sasa mambo ni ya kurudia. Kwenye K01, tumia menyu ya "File" kuhifadhi mipangilio kwenye faili, tuliite `chumba.json`, uliweke kwenye flashi pamoja na ufunguo wa wazi. Kumbuka kwamba faili la mipangilio halibebi funguo. Funguo husafiri peke yake.

Kwenye kila kompyuta iliyobaki, sakinisha bila Veyon Master, pakia `chumba.json` kutoka menyu ileile, kisha ingiza ufunguo. Anayezoea kuandika amri anaweza kusakinisha kimyakimya kwa kuongeza `/S /NoMaster` baada ya jina la faili la kusakinishia, na kuingiza ufunguo kwa `veyon-cli authkeys import mwalimu/public` ikifuatiwa na mahali faili lilipo.

Ziongeze zote kwenye orodha ya mwalimu, kisha katika Veyon Master washa mpangilio wa kupanga kompyuta upendavyo na uburute visanduku hadi vifanane na viti vya chumba. Ukiona kosa kwenye kisanduku cha safu ya pili, utajua mara moja ni kiti gani cha kukiendea.

## Kabla ya kipindi: waambie wanafunzi

Skrini ya mtu hubeba mambo yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zote mbili zinahusu taarifa za watu, na watoto wamo. Bandika tangazo mlangoni linaloeleza kwamba skrini za chumba hiki hutazamwa na mwalimu wakati wa kipindi, pata ridhaa ya uongozi wa shule, na usipige picha za skrini za wanafunzi bila sababu ya kimasomo. Kompyuta za walimu wenzako usizisakinishie programu hii kabisa.

## Hatua ya 7: Kipindi chenyewe

Tuchukue somo la kukokotoa wastani wa alama katika LibreOffice Calc, programu ya majedwali ya hesabu.

Wanafunzi wakishaketi, funga skrini zote kwa kitufe cha "Lock" na utoe maelezo ya mwanzo kwa mdomo. Ufungaji huu uwe mfupi, wa dakika chache tu; ukizidi, wanafunzi huacha kusikiliza na kuanza kusubiri. Kubonyeza kitufe hicho tena kunazifungua.

Kisha rusha skrini yako. Kuna namna mbili, na uchaguzi wake ni wa kiualimu zaidi kuliko wa kiufundi. Skrini nzima humzuia mwanafunzi kufanya jambo jingine, hivyo inafaa unapoonyesha kitu kwa mara ya kwanza. Dirisha humwachia nafasi ya kufanya huku akikutazama, hivyo inafaa unaporudia. Andika `=AVERAGE(B2:B6)` polepole, ukitamka kila alama, kwa herufi zilizokuzwa; skrini kubwa ya mwalimu ikibanwa kwenye skrini ndogo ya mwanafunzi, maandishi ya kawaida hayasomeki.

Acha kurusha, wape kazi, na uwatazame. Kuza visanduku kwa kitelezi kilicho chini ili uone yaliyomo. Makosa ya darasa huonekana kwa makundi: ukiona seli sita zinaonyesha maneno ya fomula badala ya namba, wanafunzi sita wamesahau alama ya sawasawa, na hilo ni la kulisimamisha darasa zima na kulieleza tena. Ukiona moja tu, mwendee aliyekosea.

Naam, mwendee kwa miguu. Veyon inakupa uwezo wa kushika kipanya cha mwanafunzi kutoka mezani kwako, na uwezo huo unashawishi, lakini mwanafunzi anayeona seli yake ikijirekebisha yenyewe hajifunzi chochote. Tumia "Remote view" kutazama, na "Remote control" uiweke kwa ajili ya dirisha lililoganda au mipangilio iliyovurugika.

Kama wanafunzi wawili wanatumia kompyuta moja, wabadilishe nafasi katikati ya kipindi kwa tangazo la "Message", kwa sababu kwenye kisanduku huwezi kujua ni nani aliyeshika kipanya. Kazi nzuri ya mwanafunzi inaweza kurushwa kwa darasa zima, muulize kwanza.

Mwishoni, agiza wahifadhi kazi, hakikisha kwa macho kwamba wamehifadhi, ndipo uzime. Chini ya kitufe cha "Power down" kuna chaguo la kuzima baada ya muda au kwa ridhaa ya mtumiaji. Ukizima papo hapo, kazi isiyohifadhiwa hupotea.

## Yanayojitokeza baadaye

Kuwasha kwa mbali hakufanyi kazi. Kitufe cha "Power on" kinahitaji anwani sahihi ya MAC, kebo, na mpangilio wa Wake-on-LAN (kuwashwa kupitia mtandao) uliowashwa ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka. Baada ya umeme kukatika, baadhi ya kompyuta haziitikii hadi ziwashwe kwa mkono mara moja.

Kompyuta inayotumia Ubuntu (mfumo wa Linux) badala ya Windows inaonyesha skrini nyeusi. Kama toleo lake bado lina kikao cha Xorg, kichague badala ya Wayland kwenye ukurasa wa kuingilia (hizo ni namna mbili za kuonyesha skrini), kisha uingie upya.

Kompyuta moja tu imepotea. Linganisha anwani yake ya sasa na ile iliyo kwenye jedwali kabla ya kusakinisha chochote upya.

Kompyuta ya mwalimu imeharibika. Mipangilio ya chumba na ufunguo wa siri vilikuwa humo, na bila ufunguo huo itabidi upite tena kompyuta 20 na ufunguo mpya. Kwa hiyo siku mfumo unapokamilika, hifadhi mipangilio ya kompyuta ya mwalimu kwenye faili, toa nakala ya ufunguo wa siri kwa "Export key", uviweke vyote kwenye flashi isiyotumika kwa kazi nyingine, na flashi hiyo ikae pamoja na jedwali la anwani kwenye kabati la ofisi linalofungwa.